Kabla ya Akili Mnemba, Tuoneshwe Daftari

Mkulima wa Chiungutwa anazijua kilo zake. Kaziokota mwenyewe, kazianika, kazipeleka AMCOS, zimepimwa mbele yake na kapewa karatasi. Asichokijua ni hesabu inayofanyika katikati, kuanzia ile karatasi mpaka ule ujumbe wa benki unaoingia kwenye simu siku nyingi baadaye. Chukua mfano tu. Mama ana kilo 400, mnada umefungwa kwa shilingi 3,000. Kichwani anayo 1,200,000, ameshapanga ada ya mtoto na bati za choo. Simu inalia: 1,050,000. Ile 150,000 imekwenda wapi? Akiuliza anaambiwa, "Makato, mama." Makato yapi? "Yapo kwenye mfumo."

Ndugu zangu vijana, hilo neno "mfumo" ndilo lililotufanya tuandike tahariri hii.

Siku hizi jukwaa la serikali halikamiliki bila kutaja akili mnemba. Wengine wanaiita akili unde, sisi huku tunasema AI, basi. Tunaambiwa itakagua hesabu, itakamata wapigaji, itakusanya kodi bila kugombana na mfanyabiashara, itamkopesha mkulima bila dhamana. Mengine katika hayo yanawezekana kabisa. Chama chetu hakiogopi teknolojia, na kijana anayeipinga mashine kwa sababu tu imeletwa na watawala anapoteza muda wake. Hoja yetu ni hii: mashine inajifunza kutoka kwenye vitabu vya hesabu vilivyopo. Kama daftari liliandikwa kwa kuficha, mashine itajifunza kuficha, tena kwa kasi ambayo karani hana na kwa sura ya ukweli ambayo karani hakuwahi kuwa nayo. Karani ukimtilia shaka unamkodolea macho na anababaika. Kompyuta haibabaiki.

Tuelewane kwanza kuhusu hesabu zenyewe. Watu wengi wanadhani uhasibu ni kujumlisha na kutoa. Hiyo ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ni kuamua fedha hii iandikwe mstari gani, na uamuzi huo ni siasa tupu. Sisi wa kusini tulifundishwa somo hilo mwaka 2018. Kabla ya hapo, ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje ulikuwa unagawanywa: asilimia 65 kwenye mfuko wa kuendeleza zao, asilimia 35 Hazina. Ile 65 ndiyo iliyokuwa salfa, ndiyo miche, ndiyo utafiti wa Naliendele. Juni 2018 Sheria ya Fedha ikabadilishwa, fedha yote ikaingia Mfuko Mkuu. Hakuna gunia lililoibwa. Hakuna ghala lililovunjwa. Mstari mmoja ulihama ukurasa. Wabunge wa kusini walipiga kelele, wa upinzani na hata wa chama tawala, wakazidiwa. Miaka ya karibuni salfa ya ruzuku imerudi na wakulima wameipokea, sisi hatubezi, lakini sasa inakuja na picha na hotuba za shukrani, kana kwamba mtu katoa mfukoni kwake.

Ungeipa AI yoyote duniani ikague vitabu vya mwaka ule wa 2018, isingeona kosa. Vimelingana upande wa kushoto na wa kulia. Mkulima ndiye aliyeona kosa, alipokwenda kutafuta salfa.

Halafu ikaja ile ya Novemba 2018. Wengi wenu mlikuwa shuleni, mnaikumbuka kwa ada. Wakulima waligoma kuuza kwa bei za mnada, na Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Wanajeshi wa JWTZ wakaletwa na malori. Bei ilikuwa nzuri, tusidanganyane, watu walishangilia. Kisha likaja neno "uhakiki". Aliyekuwa na zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa athibitishe shamba lake kwanza ndipo alipwe. Sababu iliyotajwa ni kukamata wanunuzi wa kangomba, wale wanaomfuata mkulima mwenye njaa kabla ya msimu. Kangomba ni dhuluma na sisi tunaipinga. Lakini angalieni kanuni yenyewe ilivyofanya kazi: ukizidi 1,500, wewe ni mtuhumiwa mpaka shamba lako lionekane. Haikuuliza kama bibi asiye na akaunti kaweka korosho zake kwa jina la mjukuu. Haikuuliza kama ndugu watatu wamepeleka kwa jina moja kwa sababu ni mmoja tu mwenye kitambulisho. Wapo waliosubiri miezi na miezi.

Tunathubutu kusema hiyo ndiyo AI ya kwanza kufika kusini. Haikuwa na kompyuta. Ilikuwa na askari, daftari na kalamu. Ila kazi yake ni ileile inayofanywa na programu za kisasa za kukamata udanganyifu: weka kanuni, pitisha majina yote, atakayezidi simamisha malipo yake. Tofauti ni moja na ni kubwa. Ile kanuni ya 2018 ulikuwa unaijua. Ni 1,500. Ungeweza kubishana nayo, ungeweza kuandika barua, mbunge angeweza kuitaja bungeni. Mashine ya leo inajitengenezea yenyewe maelfu ya kanuni kutoka kwenye data, na aliyeinunua hawezi kukwambia kwa nini jina lako limewekwa nyekundu. Atasema mfumo umegoma.

Sasa wapo watakaosema tunatisha watu, kwamba kompyuta haina ndugu wala rushwa, kwa hiyo ina haki kuliko binadamu. Tuwapeleke Uingereza. Posta ya kule ilifunga mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon mwaka 1999, umetengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Kila wakala wa posta, wengi wao wenye maduka madogo ya mtaani, alianza kuingiza mauzo yake humo. Mfumo ukaanza kuonesha upungufu. Mtu anafunga hesabu jioni, mkononi ana fedha kamili, kompyuta inasema hazitoshi. Mkataba ulimlazimisha afidie. Wakafidia kwa akiba zao, wakakopa, wakauza nyumba. Waliopiga simu kulalamika waliaminishwa kwamba ni wao tu wenye tatizo hilo. Mpaka mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wamehukumiwa kwa wizi na hesabu za uongo, wengine wakafungwa, wengine wakajiua. Na mahakama za kule, tangu mwaka huohuo wa 1999, zilikuwa zinachukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wakala wa posta ndogo angethibitisha vipi? Desemba 2019 Mahakama Kuu ikasema wazi kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zinazoweza kusababisha upungufu wa uongo. Bunge lao likaja kufuta hukumu hizo kwa sheria mwaka 2024. Robo karne nzima.

Hiyo haikuwa hata akili mnemba. Ilikuwa programu ya kawaida ya hesabu, katika nchi yenye wanasheria kila kona na magazeti yasiyoogopa kufungiwa. Sasa mfikirie kijana wetu mwenye cheti cha uhasibu, karani wa AMCOS, analipwa posho, mtandao unakatika katikati ya kupima. Jioni mfumo unasema ghala limepungukiwa na tani mbili. Yeye anasema ni unyaufu, korosho zimekauka. Kompyuta inasema ni upungufu. Nani ataaminiwa? Tukiwa tunapiga kelele kuhusu wapigaji kwenye ushirika, na wapo, tusisahau kwamba karani huyu naye ni mtoto wa hapa hapa, na siku mfumo ukikosea yeye ndiye atakayelala mahabusu.

Tuseme pia yale mazuri, hata kama yatawafurahisha watawala. Mizani ya kidijitali iliyoanza kuingia kwenye vyama vya msingi ni hatua. Ugomvi wa mizani iliyochezewa ni wa tangu enzi za babu zetu, na mizani inayotuma uzito moja kwa moja inamfunga mikono aliyezoea kukata kilo. Minada kupitia soko la bidhaa la TMX, tangu msimu wa 2024/25, imefanya bei ya mnada ijulikane hapohapo, siyo kusubiri tetesi. Leo kijana wa Chiungutwa na jirani yake wa Newala wanaweza kulinganisha bei ya MAMCU na ya TANECU kabla chai haijapoa. Hiyo ni nguvu.

Ila mnaona kilichofanyika. Uzito umewekwa wazi, bei imewekwa wazi, na katikati yake pamebaki giza lilelile. Ushuru wa halmashauri, ghala, usafiri, chama kikuu, chama cha msingi, magunia, kila mmoja ana sehemu yake katika kilo yako, na wewe unapewa jumla tu. Stakabadhi ghalani ilipoanza kwenye korosho mwaka 2007 tuliahidiwa kwamba mkulima atajua kila senti. Aprili 2013 Liwale iliwaka moto kwa sababu ya malipo ya pili yaliyokuja pungufu kuliko watu walivyotegemea, nyumba zikachomwa. Hatuungi mkono kuchoma nyumba ya mtu. Lakini watu hawakuchukia namba peke yake. Walichukia namba isiyokuwa na maelezo.

Kuna na hili la mikopo, ambalo vijana linawagusa moja kwa moja. Zile programu za kukopesha kwa simu hazikujui. Zinaangalia miamala yako, unapokea lini, unatoa lini, uliwahi kuchelewa lini, kisha mashine inakupa alama. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo mtandaoni zisizo na leseni, na mnaujua udhalilishaji wake, kupigiwa simu mpaka mama mkwe eti wewe ni mdaiwa sugu. Hizo ni za kihuni. Lakini hata benki halali ikitumia AI safi kabisa, jiulizeni itajifunza nini kuhusu sisi. Itaona mwaka 2019 wakulima wa Masasi, Newala na Tandahimba walichelewesha marejesho. Haitaona kwamba serikali ndiyo iliyochelewesha malipo yao ya korosho. Kwenye data deni ni deni. Mkulima ataadhibiwa mara mbili, kwanza na aliyemcheleweshea, kisha na mashine iliyosoma ucheleweshaji huo kama tabia yake. Na mashine haisahau kama afisa mikopo anavyosahau.

Hapo ndipo sheria ingetusaidia, na kusema kweli sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kudai kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Ni wangapi kati yetu walioisoma? Ni AMCOS ngapi zimeibandika ukutani? Tunapenda sana kulalamika kwamba sheria zote ni za kutukandamiza. Hii moja ni yetu, na tumeiacha kabatini.

Wengine wanatuuliza: basi AI haina faida kwa upande wetu? Inayo, tena kubwa. Ripoti ya CAG inatoka kila mwaka, mamia ya kurasa, na wanaoisoma ni wachache. Kijana mwenye simu anaweza leo kuipakua, akaiuliza programu maswali kuhusu halmashauri yake, akapata jibu kwa Kiswahili. Angalizo moja tu, na tunalirudia kwa sababu tumeshaona watu wetu wakiumbuka mitandaoni: programu hizi zinatunga namba bila aibu. Ikikupa shilingi, idai ukurasa. Fungua ukurasa huo, soma kwa macho yako, ndipo upost. Mpinzani mwenye namba ya uongo ni zawadi kwa chama tawala.

Na tukumbuke kwamba hesabu kubwa iliyowahi kuitikisa serikali haikuhitaji akili ya aina yoyote ya ajabu. Aprili 2018, Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Mjini, alichukua ripoti ya CAG ya mwaka 2016/17, akachukua makusanyo, shilingi trilioni 25.3, akatoa matumizi, trilioni 23.79. Ikabaki trilioni 1.5. Ni hesabu ya kutoa, ya darasa la tano. Serikali ikaleta maelezo yake, mjadala ukaendelea. Kilichofuata ndicho tunachotaka mkiangalie. Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi na CAG, Profesa Mussa Assad, baada ya yeye kusema Bunge ni dhaifu. Novemba mwaka huo akaondolewa. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikwenda kinyume na Katiba, wakati huo kiti kina mtu mwingine miaka mitatu.

Kwa hiyo watawala wakituambia AI itakamata wapigaji, tuwaulize ikimkamata mkubwa itatokea nini. Mkaguzi mwenye ulinzi wa Katiba aliondolewa. Programu inaondolewa kwa kubonyeza.

Tuguse ajira kwa kifupi, maana maswali ni mengi. TIA wana kampasi hapa Mtwara, kila mwaka vijana wanahitimu uhasibu, na wengi mnakutana nao wakiwa juu ya bodaboda. Kazi ya kuingiza risiti kwenye kompyuta inakwisha, hilo tusifichane. Lakini AMCOS zetu hazijawahi kuwa na wahasibu wa kutosha hata siku moja. Nyingi zinamtegemea katibu mwenye moyo na daftari la mistari. Badala ya kununua mfumo wa mabilioni kwanza, chama kikuu kingeajiri vijana kumi wenye stashahada, kila mmoja azunguke AMCOS kadhaa, atengeneze vitabu vinavyosomeka. Ni rahisi kuliko leseni za programu, na fedha inabaki Masasi.

Msimamo wa vijana wa chama, kama ulivyojadiliwa, hauna mapambo. Kila mkulima apewe mchanganuo wa makato yake, kwa kilo, kwa Kiswahili, kwenye karatasi au kwenye ujumbe uleule unaoleta fedha. Kama mfumo unaweza kukokotoa jumla, unaweza pia kuonesha ilivyopatikana, hakuna kisingizio cha kitaalamu hapo. Ripoti ya ukaguzi ya COASCO kuhusu kila AMCOS ibandikwe ofisini, na aina ya hati iliyopata iandikwe kwa herufi kubwa: inayoridhisha, yenye mashaka, au isiyoridhisha. Malipo ya mkulima yasisimamishwe na mfumo wowote bila mtu mwenye jina na ofisi kusaini sababu, na mkulima awe na mahali pa kukata rufaa hapa hapa wilayani, siyo Dodoma. Na karani asifikishwe polisi kwa upungufu wa kompyuta kabla ya ghala kuhesabiwa kwa mikono mbele ya wajumbe.

Hayo hayahitaji kusubiri kushika dola. Mkutano mkuu wa AMCOS ndio wenye kauli ya mwisho katika chama cha msingi, na humo ndimo mapato na matumizi yanakosomwa. Tatizo ni kwamba ukiingia kwenye mikutano hiyo unakuta wazee watupu. Baba ndiye mwanachama, wewe ndiye unayeokota, unayepulizia na unayebeba, ila huna kura. Ukishika mikorosho kumi ya urithi, au ukikodi shamba la mjomba, una sababu ya kujiunga. Ulizeni kiingilio na hisa ni shilingi ngapi, mlipe, mkae mbele, muombe nakala ya taarifa siku kadhaa kabla ya mkutano ili msome kwa utulivu, na wale mliosoma uhasibu muwasaidie wazee kuuliza maswali kwa adabu inayostahili umri wao.

Minada huanza Oktoba, kwa hiyo muda upo wa kutosha lakini si wa kuchezea. Fomu za uanachama ziko kwa katibu wa AMCOS yako. Atakayenyimwa fomu atuandikie, ataje AMCOS na jibu alilopewa, neno kwa neno.